Waya Mbili za Mbaluka

Hata nyumbani, nikimimina ndengu kwenye sufuria nageuza uso. Ni ile sauti. Ndengu hazipigi kelele zikimiminika. Zinanong'ona, kama watu wengi wanaosema neno moja kwa pamoja. Binti yangu Ndunge siku hizi hunitoa jikoni kwanza, kisha anamimina yeye. Naandika haya ili nisisahau mambo yalivyofuatana siku ile, kwa sababu sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Mume wangu Mbaluka alikuwa fundi wa mitambo katika ghala la kikundi chetu cha wakulima, nje kidogo ya Kibwezi. Ghala lenyewe ni majengo ya shamba la zamani la mkonge. Silo ya ndengu, tangi refu la kuhifadhia, iko upande wa juu, na banda la kufungashia liko upande wa barabara. Katikati kuna korongo. Ndengu huvuka kwa mkanda mrefu uliowekwa juu ya nguzo za chuma, lakini mtu akitaka kuvuka lazima azunguke hadi kwenye kalvati, kidaraja cha barabarani, na hata akikimbia hawezi kufika kabla ya dakika tatu. Mimi pia nilifanya kazi hapo, kuchambua na kufagia.

Chini ya silo kuna chuma kirefu kilichosokotwa kama skrubu. Kikizunguka kinavuta ndengu kutoka chini na kuzitupa kwenye mkanda. Kinaendeshwa na kontrola, kisanduku kidogo chenye taa, na upande wa banda kuna kontrola nyingine. Mbaluka alinieleza zinavyofanya kazi tukiwa mezani, akitumia vikombe viwili. Ile ya silo inauliza, tangi lako la kufungashia lina kiasi gani? Ile ya banda inajibu kwa namba, kutoka sifuri hadi mia. Namba ikiwa ndogo, skrubu inazunguka. Ikifika mia, inasimama. Maswali na majibu yote yanapita kwenye waya mbili tu, nyeupe na nyeusi, ndani ya kebo moja inayovuka korongo.

"Na hii ya pili ikikosa kujibu?" nilimuuliza.

"Hapo ndipo mafundi wengi hulala," alisema. "Mimi nimeiambia, ukiona kimya, simama."

Siku alipovuta kebo hiyo nilikuwa namshikia ngazi. Kebo iliisha kwenye mwarobaini ulio ukingoni mwa korongo, akaunganisha nyingine ya aina tofauti hapo hapo juu ya mti. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka na alikuwa na haraka, akaunganisha nyeupe ya kebo moja na nyeusi ya nyingine. Tulipofika bandani, kontrola hazikusemezana. Alikaa akifikiri, kisha akacheka peke yake. Badala ya kupanda mti tena kwenye mvua, aligeuza waya upande wa banda, na zikaanza kuongea. "Nitairekebisha siku moja," alisema. "Kalekye, usimwambie msimamizi wetu Nzau, ataniombea kanisani."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Mara kwa mara ndengu huganda ndani ya silo unyevu ukiingia, na mtu lazima ashuke ndani kuzivunja kwa mti. Mtu huyo nilikuwa mimi, kwa kuwa ni mwepesi. Kabla sijaingia, Mbaluka alizima swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli lake la shaba, kisha akanipa ufunguo mkononi. Anayeingia ndiye anayebeba ufunguo. Nimeshuka humo mara nane, na mara zote nane niliusikia ufunguo huo ukigonga paja langu.

Alifariki mwezi wa Septemba, pikipiki yake ilipogongwa na lori kwenye njia panda ya Emali.

Baada ya mazishi, kaka yake Muli alikusanya vitu vyake vyote vya kazi, pamoja na daftari na kufuli, akavitia kwenye sanduku la bati la kijani na kulifunga. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi hadi wazee wa ukoo wakae na kuvigawa, na wazee wangekaa Desemba, vijana wote wakishafika nyumbani. Sikupinga. Wakati huo sikuwa nasema mengi. Nilirudi kazini wiki ya tatu, nikafagia, nikachambua, na nikaona kwamba naweza kumaliza siku nzima bila kulitamka jina lake. Watu walinionea huruma, wakaacha kuniuliza maswali.

Wiki ya tano radi ilipiga na kuunguza kontrola ya silo. Kikundi kikamwita fundi kutoka Kitui mjini, kijana wa miaka thelathini na kitu anayeitwa Amin, mtu wa mashati safi na mzaha mwingi. Alifika siku ya Jumanne asubuhi na kontrola mpya ndani ya boksi. Mzee Nzau, msimamizi wa ghala, alimpokea, nami nilikuwa nafagia karibu nao.

"Mzee, huyu fundi wenu wa zamani hakuacha daftari?" Amin aliuliza.

"Aliacha. Liko kwenye sanduku, na sanduku limefungwa mpaka Desemba."

"Desemba nitakuwa nimezeeka." Alikuwa ameinama kwenye paneli, bisibisi mdomoni. "Haya, si neno. Waya ni mbili tu. Nyeupe kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeusi. Hata mtoto wa nasari anaweza."

Neno lilinijia hadi kooni. Nilitaka kumwambia kwamba pale kwenye mwarobaini zimepishana. Lakini ili niliseme ningelazimika kusema, Mbaluka aliunganisha hivi, na sikuwa nimesema hivyo tangu kaburini. Niliendelea kufagia. Nilijiambia kwamba ni fundi, ataona mwenyewe.

Alimaliza upande wa silo kabla ya saa nne. Akaweka swichi kwenye otomatiki. "Msiiguse hii," alimwambia Nzau. "Naenda bandani kuunga upande ule. Hizi mbili zikianza kuongea nitajua." Kisha akaongeza huku akicheka, "Kwa sasa ni kama mtu na mkewe walionuniana. Mmoja anauliza, mwingine..." Akaniona. Akachukua mkoba wake wa kompyuta na kuondoka kuelekea kwenye kalvati.

Hakuwa amefika mbali stima ikapotea. Taa za paneli zilizimika zote.

Nzau alitazama juu ya silo, kisha akanitazama. Lori la mnunuzi lilikuwa linatoka Emali kesho yake alfajiri, na ndengu zilikuwa zimeganda upande mmoja.

"Mama Ndunge," alisema, "si tungezivunja sasa? Stima yenyewe imeenda. Ikirudi kabla ya saa nane itakuwa ni muujiza."

Niliitazama swichi. Ilikuwa imeelekea otomatiki, na tundu la kufuli lilikuwa wazi.

"Kufuli," nilisema. Ndilo neno pekee nililotoa.

"Kufuli la kufunga nini, mama? Hakuna stima. Na fundi amesema tusiiguse. Mimi nitashika kamba."

Nzau ni mtu mwema. Ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyesimama nami siku tatu za matanga. Nilifunga kamba kifuani, nikapanda ngazi, nikaingia kwa mlango wa juu. Yeye alikaa mlangoni, kamba akaizungusha kiunoni kwake mara mbili, maana ndoano ambayo Mbaluka alizoea kuifungia ilikuwa imeondolewa pamoja na kamba zake nyingine, ikawekwa kwenye sanduku.

Ndani ya silo ni giza la kijani na vumbi, na joto. Nilisimama juu ya ndengu, zikanizamisha hadi kwenye vifundo vya miguu kama kawaida. Nikaanza kugonga ukuta uliogandamana. Vipande vilianguka vikubwa kama matofali. Nakumbuka nilihesabu vipigo. Nilifika thelathini na mbili.

Kwanza niliuhisi kwenye nyayo. Mtetemo mdogo. Kisha chini kabisa chuma kikalia, na nikajua kabla ya kuelewa. Stima ilikuwa imerudi.

Ndengu ziliondoka chini ya miguu yangu. Sikuanguka, ni sakafu iliyokwenda. Katikati pakawa shimo, na kila kitu kikaanza kuteremka kuelekea shimo lile, nami nikiwa ndani yake. Zilinifika magotini. Nilijaribu kuinua mguu mmoja, mwingine ukazama zaidi. Ndipo nikaisikia ile sauti, minong'ono, pande zote.

"Mzee," niliita. "Inazunguka."

"Naona. Nimekushika." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kamba ilikaza hadi nikakosa pumzi. "Nimekushika, mama."

Ndengu zilinifika kiunoni. Mtu asiyewahi kuwa humo anaweza kudhani ni kama maji. Si kama maji. Zinabana. Kila nilipotoa pumzi zilijaza nafasi niliyoiacha, na pumzi iliyofuata ikawa fupi zaidi.

Kitufe chekundu cha kuzima kilikuwa chini, kwenye paneli, ngazi ishirini kutoka pale Nzau alipoketi. Angeiachia kamba ili ashuke, ningekuwa nimefunikwa kabla hajafika katikati. Na uzito wangu ulikuwa umemkaza kwenye chuma cha mlango kiasi kwamba hangeweza kuifungua kiunoni aifunge mahali pengine. Niliona uso wake kwenye mwanga wa mlango, jasho likimdondoka hadi juu yangu. Alipiga kelele kumwita Amin. Kati yetu na Amin kulikuwa na korongo na mkanda unaounguruma.

Nilimfikiria Ndunge. Alikuwa shuleni. Nilifikiri, saa kumi atarudi nyumbani na atakuta mlango umefungwa, na ufunguo ninao mimi. Ni ajabu kwamba jambo lililonitia hofu kuliko yote lilikuwa mlango huo.

Simu ya Nzau ikaanza kuimba wimbo wa kanisa kwenye mfuko wake wa shati.

"Shika simu," nilisema.

"Nitakuachia."

"Shika kwa mkono mmoja."

Aliichomoa, ikamteleza kidogo, akaikamata na kidevu, kisha akabonyeza na kuweka sauti ya nje. Sauti ya Amin ilikuwa ya furaha.

"Mzee, mko wapi? Stima imerudi na mkanda umeanza kuleta mali, lakini kuna kitu sielewi. Tangi la huku limejaa toka wiki jana. Ndengu zinamwagika sakafuni. Hiyo kontrola ya huko inadhani huku ni sifuri, kwa sababu haipati jibu kutoka kwa hii, naona..."

"Amin," Nzau alisema. "Mama Ndunge yuko ndani ya silo."

Nilisikia bisibisi ikianguka.

"Zima," Amin alisema. "Mzee, zima hapo chini."

"Nimeshika kamba. Siwezi."

"Nakuja."

"Zimefika kifuani," Nzau alisema, na sauti yake ikapasuka. "Hutafika."

Zilikuwa zimefika chini ya matiti. Nilielewa basi kila kitu kwa mara moja, kwa utulivu ambao sijaupata tena. Kontrola ya Amin haikuambiwa jambo ambalo Mbaluka aliiambia ile ya kwanza. Yake iliposikia kimya, ilihesabu sifuri. Iliposoma sifuri, ilidhani banda ni tupu na ikaleta ndengu. Ingeendelea kuleta mpaka ipate jibu. Na jibu lilikuwepo upande ule, mia moja, limejaa, likisubiri kupita kwenye waya mbili zilizopinduka.

"Waya," nilisema. Sauti haikutoka. Nikainua kidevu, nikavuta hewa iliyokuwepo. "Mwambie ageuze waya. Nyeupe aweke pa nyeusi."

"Anasema ugeuze waya," Nzau alipiga kelele kwenye simu. "Nyeupe pa nyeusi."

"Haiwezi kuwa, huku nimeziunga upya kwa kufuata rangi..."

"Zimepishana," nilisema. "Kwenye mwarobaini. Mbaluka alizipisha. Mbaluka."

Sijui kama Amin alinisikia mimi au alimsikia Nzau akirudia. Tulimsikia akihema, chuma kikigonga chuma, na akisema "Bismillahi" kwa sauti ya chini. Ndengu zilinifika kwapani. Nikaweka mikono juu, kama mtu aliyekamatwa. Moja iliingia mdomoni nikaitema. Nzau alikuwa anaomba kwa Kikamba, maneno yakifuatana bila nafasi, na kamba ikimkata.

Mtetemo ukakoma.

Minong'ono iliendelea kidogo, ikapungua, ikawa ndengu chache zikiteleza moja moja, kisha hakuna. Nilisikia simu ikisema, "Inasoma mia. Mzee, inasoma mia. Imesimama?"

"Imesimama," Nzau alisema.

"Usiiachie kamba. Msijaribu kumvuta, mtamuumiza. Naja."

Amin alizunguka kwenye kalvati akikimbia. Nilimsikia akifika chini, akapiga swichi, akachomoa fyuzi zote na kuzitia mfukoni. Hakuzitoa hadi jioni. Ndululu, mpakiaji wa bandani, na wenzake walikuja na mabati, wakayasukuma kunizunguka kama pipa, wakaanza kuchota ndengu zilizo ndani kwa sufuria na debe. Ilichukua muda wa saa mbili na nusu. Ndululu alichota huku akinisimulia habari za ng'ombe wake aliyezaa mapacha, na mara moja akasema, "Mama Ndunge, kikundi kitakukata pesa za hizo ulizokula." Nilitaka kucheka lakini kifua kilikataa.

Waliponiweka chini kwenye nyasi, miguu haikunishika. Nzau alikaa pembeni, shati lake limechanika kiunoni na ngozi imechubuka mzunguko mzima. Hakunitazama. "Ningekufa na wewe mikononi," alisema. "Kwa sababu nilisema stima imeenda."

Amin alichuchumaa mbele yangu. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope la korongo. "Kosa ni langu, mama," alisema. "Nilipaswa kuiambia isimame ikikosa jibu. Na nilipaswa kukuuliza. Niliuliza daftari, sikukuuliza wewe."

Nilikuwa nafikiri kwamba hata angeniuliza asubuhi ile, sina hakika kama ningesema.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Muli nikiwa nimeshikwa mkono na Ndunge. Nilimkuta akilisha mbuzi.

"Shemeji, nataka sanduku lifunguliwe."

"Nimesikia yaliyokupata. Pole sana, mwaitu, mama yetu." Aliweka majani chini. "Lakini unajua wazee bado hawajakaa."

"Wakae Desemba. Wagawe wanachotaka kugawa. Mimi nataka kufuli, na Amin anataka daftari, na hakuna mtu atakayeshuka kwenye silo ile tena bila hivyo viwili."

Akajifuta mikono. Nadhani alikubali kwa sababu hakuwa amenisikia nikisema maneno mengi hivyo tangu mazishi. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

Kufuli lilikuwa juu kabisa, na ufunguo wake umefungwa nalo kwa uzi. Daftari lilikuwa chini ya koti lake la mvua. Nililifungua pale pale uani, nikitafuta ukurasa wa kontrola, maana siku nzima nilikuwa nimejiambia kwamba lingefunguliwa mapema haya yote yasingetokea. Kila kitu kilikuwepo kwa mwandiko wake ulionyooka kama wa mwanafunzi: kasi ya kuongea, namba ya kila kontrola, amri ya kusimama ikiwa kimya. Nikafika kwenye mstari wa waya. Hakuwa ameandika rangi. Aliandika: *Kiungo cha mwarobaini. Kalekye anajua.*

Ndunge alinisomea tena nilipomwomba, kwa sababu nilidhani nimekosea.

Asubuhi yake Amin alileta ngazi chini ya mwarobaini, akasema anataka kuunga upya ili rangi zifuatane na asiwepo mtu mwingine wa kudanganywa nazo. Niliifunga swichi kwa kufuli mbele ya Nzau, nikampa Amin ufunguo mkononi kwa kuwa yeye ndiye anayepanda. Niliishika ngazi kwa mikono miwili.

"Haya, mama," alisema kutoka juu. "Nielezee. Ilikuwaje?"

"Mvua ilikuwa imeanza," nilisema. "Mbaluka alikuwa na haraka."